Gari Lililookoka

Makongeni, Thika
9 Machi 2025

Kwako Wamboi, mama yangu kwa jina,

Nisamehe kwa kunyamaza tangu mazishi ya Njau. Sitadai kwamba karatasi ilikosekana. Mara nyingi niliandika tarehe, nikaitazama, nikaikunja karatasi. Simu unajua hatupatani. Masikio yangu yamezeeka kabla yangu. Kwa hiyo ukimya wangu umekuwa ukimya kamili, na mume wako ameoza kaburini bila mimi kukuandikia hata mstari mmoja.

Hapa tunaendelea. Mke wangu anauguza goti, lakini kila asubuhi bado anapigana na kuku wa jirani kwa ajili ya sukumawiki zake. Paa la kanisa limebadilishwa. Sasa mvua ikinyesha mhubiri hasikiki, jambo ambalo baadhi ya waumini hawalilalamikii. Kijana wetu Ngigi yuko gerejini kwake, kazi ipo.

Kadi yako ya shukrani ilifika. Umeandika, "gari yetu ilikatika". Nilikufundisha mwenyewe, na ulikuwa wa kwanza darasani. Gari ni la ngeli ya LI-YA: gari letu lilikatika. Najua uliandika ukiwa na msiba. Msiba haubadilishi ngeli.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha mezani. Kuna kamati inayotaka kubadilisha kanuni za magari yaliyoharibika, yale ambayo kampuni ya bima huyalipia na kuyaacha, kisha mafundi huyanunua, huyatengeneza na kuyauza. Mpaka leo gari kama hilo halina alama yoyote katika hati yake. Wanataka lipigwe muhuri. Swali wanalowauliza wananchi ni kama muhuri huo ubaki maisha yote ya gari, au ufutwe gari likishatengenezwa. Wameniomba niliandike tangazo lao kwa Kiswahili sanifu, nami nimekubali. Litabandikwa hadi huko kwenu Ruiru, na sikutaka ulikute ukutani bila kusikia kwangu.

Neno la Kiingereza, "salvage", lilinisumbua. Mwishowe nimeandika "gari lililookoka", maana ndilo neno wanalolitumia mafundi wenyewe hapa Thika, na kisarufi halina kosa.

Hassan wa duka la vitambaa hushuka Ruiru kila juma. Atakuletea barua hii, na jibu lako umpe yeye.

Mimi baba yako mkubwa,
Gachau


Membley, Ruiru
30 Machi 2025

Kwako Baba Mkubwa,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, bado nimevaa sare ya kazi. Nimekusamehe ule ukimya. Wengine walizungumza sana, na hawakunisaidia kukuzidi.

Kui hajambo. Anakataa mtu yeyote kukalia kiti cha baba yake, hata mchungaji alipokuja kutuombea alielekezwa kwenye kochi. Majirani hapa ni wema kwa namna ya Membley: wanapunga mkono kutoka ndani ya magari yao. Salamu kwa Mama Ngigi na goti lake.

Tangazo lako nililiona ukutani nilipokuwa nikienda sokoni. Wanaume wawili walikuwa wakilisoma kwa sauti.

"Kumbe gari nayo huokoka?"

"Huokoka, bwana. Sadaka ndiyo petroli."

Wakacheka mpaka mmoja akajifuta machozi. Mimi niliendelea kusimama pale. Neno hilo nilikuwa nimelisikia kabla. Ngigi alipomletea Njau lile gari, hapa langoni petu, alilipiga kofi kwenye boneti akasema, "Shemeji, hii imeokoka. Usiulize dhambi zake za kale." Njau alicheka vivyo hivyo, kama wale wanaume wawili.

Umenisahihisha ngeli, nami nimekubali: gari letu lilikatika. Sasa niruhusu nikurudishie somo lako. Ulitufundisha kwamba kuna kauli ya kutenda, kuna ya kutendwa, na kuna ya kutendeka. Kikombe kilivunjika. Mlango ulifunguka. Ulisema kauli ya kutendeka ni kimbilio la mtoto aliyevunja kikombe, maana haina nafasi ya mtenda. Uliuliza darasa zima, "Kilivunjika chenyewe?" Nakumbuka hata kiboko ulichokuwa umekishika.

Mkaguzi wa magari alinipeleka nyuma ya kituo cha polisi kuliona. Alifunua zulia la sakafuni. Kulikuwa na mshono wa chuma kutoka mlango hadi mlango, chini ya viti. "Mama," akaniambia, "haya yalikuwa magari mawili. Mbele ni ya moja na nyuma ni ya jingine." Njau aligongwa kidogo tu kutoka nyuma pale barabara kuu, mgongo ambao gari zima lingeubeba kwa kubonyea. Hilo liliachana pale pale kwenye mshono.

Mkaguzi aliuliza nani alituuzia. Nilimjibu kwamba mambo ya gari alikuwa akiyajua Njau. Hati ilikuwa bado na jina la mwenye gari wa zamani, kwa hiyo aliandika hivyo hivyo.

Kwamba Ngigi alituuzia, wewe na mimi tunajua. Ninachouliza ni hiki: nani aliyeyaunganisha?

Binti yako,
Wamboi


Makongeni, Thika
27 Aprili 2025

Kwako Wamboi,

Tumemaliza palizi, na mvua imekuwa nyingi kupita kiasi. Mama Ngigi anakutumia nduma. Uzipike taratibu, ni za mtoni.

Umeandika "mgongo ambao gari zima lingeubeba". Nadhani ulikusudia "mgongano". Naona ulikuwa na haraka.

Kikao cha kukusanya maoni kilifanyika hapa Thika juma lililopita. Ukumbi ulijaa mafundi wenye nguo zenye grisi. Mwanzoni mambo yalikwenda kwa utulivu. Mzee mmoja wa Kamenu alisema muhuri ubaki daima, watu wakanung'unika tu. Kisha akasimama mchomeleaji mmoja anayeitwa Macharia, mtu mwenye kifua kama pipa.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi nilikuwa mlevi. Nilipiga bibi, nililala mtaroni. Nikaokoka. Je, mchungaji alinipiga muhuri hapa kwenye paji la uso, 'huyu alikuwa mlevi'?"

"Hapana!" ukumbi ukajibu.

"Basi tangazo lenu lenyewe linasema hii gari imeokoka. Imeokoka ama haijaokoka?"

"Imeokoka!"

"Ikiokoka, dhambi zake zinatupwa wapi?"

"Baharini!"

Akina mama wawili walianza wimbo wa pambio. Mwenyekiti naye, ambaye ni mzee wa kanisa kama mimi, alishindwa kuzuia tabasamu. Baada ya hapo hakuna aliyepinga aliyesikilizwa. Nilikaa mstari wa mbele na kukiona kikao kizima kikipinduliwa na neno nililoliandika kwa mkono wangu. Kisarufi halina kosa. Nimelikagua tena na tena.

Lakini usidhani watu hao ni wahuni. Muhuri usiofutika maana yake ni gari lisilouzika. Gereji zitafungwa kuanzia hapa mpaka barabara ya Garissa, na vijana watarudi kukaa chini ya kuta za baa. Hiyo pia ni hasara ya umma. Nani atailipa?

Kuhusu swali lako: Ngigi hununua magari mengi kutoka yadi za Nairobi. Huenda alilinunua likiwa limekwisha kuunganishwa.

Wako,
Gachau


Membley, Ruiru
25 Mei 2025

Kwako Baba Mkubwa,

Nduma zilifika, na Kui alizila kwa asali akasema ni keki za cucu, nyanya yake wa Thika. Asanteni. Amerudi shuleni. Mwalimu wake anasema hachezi na wenzake. Nilijibu kwamba hata mimi sichezi.

Uliuliza nani atailipa hasara ya gereji. Njoo siku moja nikutembeze wodini kwetu uone hasara hii nyingine inavyolipwa. Juzi tulipokea kijana wa bodaboda. Gari lililomjia mbele liling'oka gurudumu. Chini ya rangi mpya lilikuwa kutu tupu. Yeye hakulinunua gari hilo. Hakuwahi kuambiwa limeokoka. Kitanda tulichomlaza kilikuwa kinamngojea mama wa kufanyiwa upasuaji wa nyonga, naye akarudishwa nyumbani akilia. Damu tuliyomtilia kijana ilitolewa na wanafunzi wa sekondari waliopanga foleni wakapewa soda na biskuti. Hawakujua wanalipia gari la mtu. Macharia anasema dhambi hutupwa baharini. Zinatupwa kwetu, Baba Mkubwa, na sisi hatuna bahari. Tuna wodi moja.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku moja baada ya Pasaka, Ngigi alikuja hapa. Hakubisha hodi. Nilisikia kelele langoni, nikatoka. Alikuwa ameleta mashine yake ya kuchomelea na anatengeneza bawaba ya lango letu, ile iliyolegea tangu Njau akiwa hai. Nikamwambia, "Karibu chai." Akasema, "Hapana, nimalizie hii tu." Akamaliza, akafunga na kufungua lango mara kadhaa, akaondoka bila kunitazama usoni.

Jioni nilikwenda kuutazama mshono. Ngigi huchomelea vipande vifupi vifupi vinavyolaliana kama magamba ya samaki, na kila mwisho wa mshono hupindisha kidogo kushoto kwa sababu ya kile kidole chake kilichokatika. Mwandiko wa mtu hauwezi kufichika. Ni mshono ule ule niliouona chini ya zulia.

Hakulinunua likiwa limeunganishwa.

Kikao cha Ruiru ni mwezi wa saba, nami nimepanga kusema. Nakuomba mambo mawili. Kwanza, uje ulirudishe lile neno lako, maana ni wewe tu watakayekusikia. Pili, umwambie Ngigi aje aseme mwenyewe. Simtafutii jela, na pesa zake sizitaki. Nataka kitenzi kimoja chenye mtenda wake. Asiposema, nitasema mimi.

Wamboi


Makongeni, Thika
22 Juni 2025

Kwako Mama,

Leo sina habari za shamba.

Nilimwendea Ngigi gerejini jioni, vijana wake wakiwa wamekwenda. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa. Nilimwambia umeuona mshono wa lango. Akasema, "Ile gari iliunganishwa vizuri, baba. Chuma ilishika."

"Iliunganishwa na nani?"

"Baba, tafadhali, usinianze na mambo ya darasani."

"Iliunganishwa na nani, Ngigi?"

"Si unajua! Unataka niseme ndiyo ufurahi? Hapa Thika kila mtu anaunganisha. Macharia anaunganisha. Hiyo pikapu inayobeba viti vya kanisa lako imeunganishwa. Kwani mimi nilitaka kumuua Njau? Nilimpunguzia bei kwa sababu ni mtu wetu!" Akaficha uso wake kwa kofia. "Kila nikishika mashine naona ile sakafu. Kila siku, baba. Hiyo haitoshi?"

Nilimwomba aje Ruiru. Alikataa. Alisema akitamka maneno hayo hadharani, polisi watakuwa langoni kabla hajafika nyumbani, na wale vijana wake watakula nini. Niliporudi, mke wangu alikuwa amekwisha kupata habari. Aliniuliza, "Utamtoa mwanao kwa ajili ya neno?" Tangu hapo ananiandalia chakula, anaondoka.

Wewe umepewa jina la mama yangu mzazi, na Ngigi jina la baba yangu. Ndivyo ulivyo utaratibu wetu, kwamba walioondoka warudi. Tulipokuwa wadogo, baba yako na mimi tulilala kitanda kimoja tukiwasikiliza wazazi wetu wakigombana upande wa pili wa ukuta, na kila mmoja wetu aliomba moyoni asiitwe kuamua. Baba yako amekufa. Nimebaki peke yangu upande huu wa ukuta.

Kanuni itapita au haitapita hata usipolitaja jina lake. Zungumza juu ya wodi. Zungumza juu ya damu ya wanafunzi. Mwache Ngigi. Nakuomba kama mwana amwombavyo mama yake.

Gachau


Membley, Ruiru
6 Julai 2025

Kwako Baba Mkubwa,

Kui ana kikohozi. Vinginevyo tuko salama.

Sitalitaja jina la Ngigi. Nimelifikiria sana kazini, na nimeona kwamba nikilitaja mimi, watu watasema ni uchungu wa mjane, watanipa maji ya kunywa, kisha watapiga pambio.

Lakini ukiniita mama ili unitake jambo, basi uwe tayari kutumwa na mama pia. Sitasema neno kikaoni. Nitakaa kiti cha nyuma kabisa. Nenda wewe.

Wamboi


Makongeni, Thika
3 Agosti 2025

Kwako Wamboi, mama yangu,

Nilikutafuta kiti cha nyuma, sikukuona. Baadaye Hassan aliniambia kwamba basi la wafanyakazi lilipinduka asubuhi ile na wauguzi wote waliitwa wodini. Kwa hiyo hukusikia, na ni wajibu wangu kukuandikia. Natumaini kikohozi cha Kui kimepoa.

Macharia alikuwapo. Alikuja na mahubiri yale yale, na ukumbi wa Ruiru ulimjibu kama ule wa Thika. Alipoketi niliomba nafasi. Wengi pale ni wanafunzi wangu wa zamani, au wazazi wao walikuwa. Walinyamaza kwa mazoea.

Niliwaambia kwamba mimi ndiye niliyeliandika neno lile na kwamba nimekuja kulirudisha. Nilisema gari haliokoki, kwa sababu gari halitubu. Anayeweza kutubu ni aliyelishika mkononi, naye hawezi kutubu kwa niaba ya chuma. Mtu mmoja alipaza sauti, "Sasa tuiite nini, Mwalimu?" Nikasema, "Liitwe gari lililounganishwa, kisha lifuatwe na jina la aliyeliunganisha." Wengine walicheka. Macharia akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Mzee anatutafutia jela, na hata nati hajawahi kufunga."

Ndipo nikasema. Nilisema hivi, na nimeyaandika hapa kama nilivyoyatamka: "Mwanangu Ngigi alikata magari mawili, akayaunganisha, akamwuzia Njau, mume wa binti wa ndugu yangu. Njau alikufa ndani yake."

Hakuna aliyecheka wala kuimba. Ukumbi ule una mapangaboi ya dari, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilisikia kitu kidogo kama mvumo wake.

Nilidhani nikisema nitapata nafuu. Sikuipata. Polisi walikuja kwa Ngigi siku ya tatu wakamchukua aandikishe maelezo. Amerudi, lakini gereji imefungwa, na vijana wake wananipita njiani bila salamu. Wawili kati yao niliwabatizisha. Mke wangu amehamia chumba cha wageni. Jana nilimwona Ngigi ng'ambo ya barabara. Nilisimama. Naye alisimama. Kisha lori likapita kati yetu, na lilipokwisha kupita hakuwapo.

Usinishukuru. Sikufanya jambo hili kwa moyo mweupe. Nililifanya kwa sababu ulinirudishia swali nililowauliza watoto wa watu nikiwa na kiboko mkononi, na sikuweza kuwa mtu aliyewachapa kwa jambo asiloliweza yeye.

Kuhusu kanuni yenyewe, bado. Mwishoni mwenyekiti alifunga daftari lake akasema, "Maoni yamepokelewa." Nilisimama tena nikamwuliza, "Yamepokelewa na nani?" Alitazama saa yake. Watu walikwisha kuanza kukunja viti. Wengine wanasema muhuri utafutwa, wengine wanasema utabaki, na magari yanaendelea kuuzwa.

Watakapoamua nitakuandikia siku hiyo hiyo, hata kama itanibidi kuileta barua kwa miguu. Hutakuta ndani yake neno "imeamuliwa". Utakuta majina ya walioamua.

Baba yako mkubwa,
Gachau